Sauti Iliyomaliza Betri

Gari lilikuja likisukumwa. Wanaume wanne wa stendi walikuwa wameinamia nyuma ya Hilux nyeupe, migongo imelowa jasho, na mwenyewe ameketi kwenye usukani bila hata kugeuza shingo, mpaka magurudumu yaliposimama mbele ya kibanda cha Nurudini. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nane, mwaka wa tisini na saba, saa mbili asubuhi, na Kasulu nzima ilikuwa imetandwa na vumbi jekundu.

Nurudini alikuwa fundi umeme wa magari. Kwao Ujiji, lakini mwaka ule alikuwa anatimiza wa kumi na mbili pale Kasulu, yeye na mkewe Nasma, na hakukuwa na dereva wa njia ya Kibondo asiyemfahamu. Huyu aliyeshuka kwenye Hilux, hata hivyo, alikuwa mgeni kwake. Mtu mrefu, mkavu, amevaa koti zito ingawa jua lilishaanza kuuma.

"Naitwa Kipriani," alisema. "Natokea Kibondo, nafanya biashara ya mawese. Nimelala hapa gesti, asubuhi nawasha, kimya. Ni betri ya tatu hii tangu Pasaka. Nyumbani mtindo ni huohuo. Jioni gari zima, asubuhi maiti."

"Betri tatu si ugonjwa wa betri," Nurudini akamjibu. "Kuna kitu kinakunywa umeme wewe ukiwa umelala."

"Basi kitafute. Mimi nakaa hapa hapa."

Akaketi juu ya tairi kuukuu, hatua tatu kutoka kwenye boneti, akaweka mikono ndani ya koti. Nurudini alizoea wateja wanaokwenda kunywa chai wakamwachia kazi. Huyu alimkodolea macho kama anayechunga mbuzi.

Fundi alitoa ile betri iliyokufa akaiweka kwenye chaji, kisha akafunga betri yake mwenyewe nzima kwa ajili ya kupimia. Akachomoa waya wa hasi, na kati ya waya ule na kichwa cha betri akaunganisha taa ndogo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Kipriani, milango imefungwa, swichi zote zimezimwa. Katika gari lisilo na kasoro taa ile hubaki baridi. Hii iliwaka, nyekundu kama jicho la mgonjwa.

"Umeona?" Nurudini akasema. "Gari limelala, umeme unatembea."

Akaenda kwenye sanduku la fyuzi, akaanza kuchomoa moja baada ya nyingine, kila akichomoa anachungulia taa. Fyuzi ya honi, taa inawaka. Ya taa za breki, inawaka. Ya waipa, inawaka. Alipochomoa ya redio, taa ikazimika papo hapo.

"Ni redio yako."

"Redio nimeizima jana saa moja jioni," Kipriani akasema. "Kwa mkono wangu."

"Umeizima kwa nje. Ndani haijazimika."

Akarudisha fyuzi na waya wa hasi, akafungua skrubu za dashibodi, akaivuta redio kaseti taratibu mpaka ikatoka na mkia wake wa nyaya. Ilikuwa redio nzuri, ya bei. Nyuma yake nyaya zilikuwa zimesokotwa ovyo. Ule wa njano, unaopaswa kuwa na umeme saa zote, na ule mwekundu, unaopaswa kupata umeme gari likiwashwa tu, zilikuwa zimefungwa pamoja kwenye waya mmoja usiozimika. Ule wa bluu ulishuka hadi kwenye amplifaya iliyofichwa chini ya kiti, nayo ilikuwa ya moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Nurudini alipoweka sikio kwenye redio alisikia ndani mlio mwembamba, zii, zii. Kaseti ilikuwa imekwama mle, na mota yake ilikuwa inahangaika kuizungusha usiku na mchana. Hapo ndipo betri tatu zilipokwishia.

Alitaka kusema hivyo. Alishafungua kinywa. Ndipo macho yake yakashuka kwenye maungio ya zamani, yale yaliyokuwa chini ya msokoto wa ovyo.

Maungio yale yalikuwa yamefungwa kwa uzi wa kushonea viatu uliopakwa nta. Si utepe wa plastiki kama wa mafundi wengine. Uzi, mizunguko saba, fundo likalazwa upande. Katika mkoa mzima wa Kigoma, mtu aliyefunga nyaya namna ile alikuwa mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa amezishika.

Redio ile aliifunga yeye, mwaka uliotangulia, kwenye Land Rover ya Fidele Nduwayezu.

Fidele alikuwa mfanyabiashara wa Rungwe Mpya, mtoto wa mkimbizi wa mwaka wa sabini na mbili, mchekeshaji, mpenda muziki. Mama yake alibaki ng'ambo ya mpaka, Burundi, na kwa kuwa mama hakujua kusoma, Fidele hakumwandikia barua. Alikuwa akizungumza kwenye kaseti, kisha anampa mtu anayevuka. Mwezi wa pili wa mwaka huu wa tisini na saba aliondoka Kasulu na mzigo wa vitenge kwenda Kibondo, hakufika. Land Rover ilionekana baada ya siku nne ndani ya pori, haina magurudumu, haina mzigo, na kwenye dashibodi kuna shimo tupu. Fidele mwenyewe hakuonekana. Mkewe, Winnie, mpaka leo alikuwa hajui avae nguo za msiba au asivae.

"Mbona umenyamaza?" Kipriani aliuliza.

Nurudini aliigeuza redio mikononi. "Natazama nyaya," akasema. "Aliyekufungia hii hakuwa fundi."

"Alikuwa na haraka."

Maneno mawili matatu tu, lakini yalisemwa kwa namna ambayo Nurudini hakutaka kuinua uso. Alipouinua, Kipriani alikuwa amesimama karibu yake, na upepo ukalifungua koti kidogo. Kiunoni palikuwa na bastola.

"Unaijua hii redio, fundi?"

"Redio zote ni moja, bwana. Zinatofautiana majina tu."

"Hilo ndilo jibu zuri."

Kipriani hakurudi kwenye tairi. Wakati huohuo Nasma alitokea uani na chupa ya chai, kama alivyofanya kila siku saa ile. Kabla hajasalimu, yule mgeni alimtangulia.

"Karibu, dada Nasma. Mumeo ananisaidia vizuri."

Nasma akatabasamu kwa adabu, akaweka chupa, akaingia ndani. Nurudini alibaki akijiuliza. Jina la mkewe hakulitaja asubuhi ile. Hakuna aliyelitaja. Basi mtu huyu alishaulizia habari zao mjini.

Alifanya kazi polepole ili apate muda wa kufikiri. Kupiga kelele? Mke wake alikuwa hatua kumi kutoka kwenye bastola. Kumwacha aende, halafu akimbilie polisi? Angewaonyesha nini? Gari lingekuwa limeshaondoka na redio yake, na hata wakilikamata, nani angemfunga mtu kwa ajili ya uzi wa viatu? Angesema ameinunua sokoni, na yawezekana hata shahidi angempata.

Akatenganisha nyaya, ule wa njano mahali pake, ule mwekundu mahali pake. Akaipa redio umeme ajaribu. Kaseti iliyokwama ikanguruma, ikajikokota, halafu, kwa kuwa alikuwa ameigusa mota kwa ncha ya bisibisi, ikaanza kuzunguka. Na sauti ikatoka, safi, katikati ya asubuhi ile.

"Mwaramutse, mama..."

Ilikuwa sauti ya Fidele, anamsalimia mama yake kwa Kirundi. Sauti iliendelea, inacheka kidogo, inataja majina ya watoto mmoja mmoja.

Kipriani alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande. Alikuwa Muha, na Muha hahitaji mkalimani wa Kirundi. Kisha akacheka. "Tangu nimeipata redio, kaseti hii haijawahi kusema. Kumbe kuna mtu mle anamwamkia mama yake. Itoe uitupe."

Hapo ndipo wazo lilipomjia Nurudini, lote kwa mara moja, na likamtisha kuliko bastola. Uzi usingemshtaki mtu, lakini sauti ingeweza. Na leo ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi magari ya Kibondo yalikusanyika kwenye kizuizi nje ya Makere kusubiri msafara wa askari, maana pori la mbele yake lilishakula watu wengi. Katika msafara wa Alhamisi halikukosekana lori la maharage la Havyarimana, mdogo wake Fidele, tumbo moja. Kila alipopita Kasulu, Havyarimana alimuuliza Nurudini neno lilelile, "Hakuna kilichosikika?" na kila mara Nurudini alitikisa kichwa.

"Haitoki bila kuvunja redio," akasema, akishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Na kaseti ndiyo iliyokuwa inakumalizia betri. Dawa yake ni kuiacha icheze mpaka mwisho wa upande, bila kuizima, mota ilainike. Ukiizima katikati itakwama tena, na kesho asubuhi utawatafuta tena watu wa kusukuma."

"Inachukua muda gani?"

"Ukifika Makere itakuwa imekwisha. Fungulia sauti kubwa, na amplifaya nayo, upate kujua kama imepona."

Kipriani alitoa ufunguo mfukoni. "Basi utanisindikiza. Fundi anayeamini kazi yake hupanda gari aliloligusa."

Nurudini alitegemea hilo, akaliogopa. Alirudisha betri ya Kipriani, ambayo ilikuwa kwenye chaji kwa saa moja tu na haikuwa hata nusu. Halafu akainamia injini akisema anakaza mkanda, na kwa vidole viwili akachomoa plagi ya nyuma ya alternata, ile inayorudishia betri umeme gari likitembea. Taa ya kuonya kuhusu chaji kwenye dashibodi ilikuwa imeungua siku nyingi, alishaiona. Kuanzia hapo gari lingekula akiba tupu. Injini, redio, amplifaya, vyote kwenye betri moja mbovu.

Wakaliwasha kwa kuazima umeme wa betri ya kibandani. Kipriani alichungulia mlangoni. "Dada Nasma! Namchukua mumeo mara moja. Nitamrudisha, Mungu akipenda."

Nasma alitoka na kanga kichwani, akamtazama mumewe usoni. Nurudini alijifuta grisi mikononi. "Usinisubiri kula," akasema tu.

Barabara ilipanda na kushuka baina ya migomba na mashamba ya mihogo. Kipriani aliendesha kwa mkono mmoja. Mle ndani sauti ya Fidele ilijaa hadi vioo vikatetemeka. Anamweleza mama habari za mvua. Anamweleza kwamba bei ya maharage ni nzuri, kwamba Winnie ana mimba tena, kwamba akijaliwa mwaka huu atamletea blanketi lenye maua. Nurudini alikielewa Kirundi nusunusu, na nusu hiyo ilimtosha kumchoma.

"Anaongea sana," Kipriani akasema.

"Ndiyo."

"Watu wanaoongea sana huwa hawaangalii njia." Akabadilisha gia. "Mimi siendi na msafara, fundi. Naandika jina kizuizini, napita peke yangu. Pori lile linanijua. Wewe umewahi kulipita peke yako?"

"Hapana."

"Leo utalipita. Nataka uone gari linavyokwenda hadi Kibondo."

Nurudini akatazama nje asionekane uso. Hesabu yake yote ilikuwa kichwani. Ikiwa betri itadumu nusu saa zaidi ya alivyokadiria, watapita kizuizi na yeye ataingia porini na mtu huyu. Ikiwa itakufa mapema, watasimama mahali pasipo na mtu, na Kipriani ataitazama injini, na plagi ile itaonekana. Alisikiliza. Hakuwahi kusikiliza kitu maishani mwake kama alivyoisikiliza kaseti ile.

Walipovuka daraja la miti kabla ya Makere, sauti ya Fidele ilianza kuwa nzito. Kidogo tu, kama mtu aliyeshikwa na mafua. Kilima kilichofuata, injini ikakohoa.

"Nini hiyo?"

"Vumbi kwenye petroli. Kanyaga, itatoka."

Kipriani akakanyaga. Nyumba za Makere zikapita, kanisa, mashine ya kusaga, watu wakigeuka kutazama gari linalozungumza kwa sauti ya jitu. Maana sasa Fidele alikuwa anavuta kila neno, chini, chini zaidi, kana kwamba anazungumza kutoka ndani ya shimo. Mbele likaonekana gogo la kizuizi na safu ya malori, madereva wamejilaza chini ya vivuli vya magari yao. Hilux ikakohoa mara mbili, ikajiburuta hatua za mwisho, ikazimika mita chache kabla ya gogo.

Kipriani akageuza ufunguo. Stata ikagonga, ta-ta-ta, kisha ikanyamaza. Redio, ambayo haihitaji umeme mwingi kama stata, iliendelea kuvuta: "Maa... maa..."

"Umefanya nini?" Kipriani akauliza polepole, bila kumtazama.

Nurudini aliteremsha kioo cha upande wake, na sauti ile ikamwagika nje.

Kutoka chini ya lori la tatu mtu aliinuka. Alikuwa mfupi, mpana, shati limefunguka kifuani. Alisimama akiwa kama anasikiliza mvua ya mbali, kisha akaja, kwanza akitembea, halafu akikimbia. Alipofika alishika mlango wa upande wa dereva kwa mikono miwili.

"Mana yanje, Mungu wangu," Havyarimana akasema. "Ni Fidele. Huyu ni mwene mama, ndugu yangu. Yuko wapi? Mmemweka wapi?"

"Nimeinunua hii redio sokoni," Kipriani akasema.

"Nimeifunga mimi kwenye gari la Fidele," Nurudini akapaza sauti, na sasa maneno yalimtoka kama maji. "Uzi ni wangu, Havyarimana! Na huyu kaniambia aliyemfungia alikuwa na haraka! Ana bastola!"

Mkono wa Kipriani ulikuwa umeshaingia ndani ya koti. Havyarimana aliudaka kupitia dirishani, mlio ukapasuka, paa la gari likatoboka, na Nurudini akajikuta chini ya dashibodi amekumbatia nyaya zake mwenyewe. Masikio yalipozibuka, madereva walikuwa wameshamtoa Kipriani kwenye kiti. Mmoja alikuwa ameshika galoni la petroli. Havyarimana ndiye aliyesimama katikati.

"Msimchome!" alikuwa analia huku akipiga kelele. "Mkimchoma nani atanionyesha ndugu yangu alipo?"

Askari wakafika mbio, wakamfunga pingu. Nurudini alitambaa nje. Aliketi pembeni ya barabara. Ndani ya Hilux kaseti ilitoa mguno mmoja wa mwisho, mrefu, ikanyamaza.

Siku ya tatu Kipriani aliwaonyesha askari mifupa ya Fidele. Ilikuwa chini ya mti wa miombo, umbali wa kutupa jiwe kutoka njiani, na watu walikuwa wakipita pale kila wiki. Alisema yeye aliendesha tu, kwamba waliomuua ni wengine wanne, na majina yao hakuyataja hata kidogo. Fidele alizikwa Rungwe Mpya, kwaya ikaimba, na Winnie akavaa nguo nyeusi akiwa amembeba mgongoni mtoto ambaye baba yake hakumwona. Mbele ya kaburi alimshika Nurudini mikono yote miwili. Kaseti ilibaki polisi kama kielelezo. Havyarimana aliiomba ampelekee mama, akaambiwa asubiri kesi.

Watu wa Kasulu walimsifu fundi. Alialikwa chai huku na kule asimulie. Yeye alisimulia mara mbili, akaacha. Kila alipofika kwenye hao wanne wengine, alijikuta akitazama nyuso za wasikilizaji.

Wiki ya tano baada ya mazishi, mvua za kwanza zimeanza, gari dogo la bluu lilisimama mbele ya kibanda. Akashuka mtu wa makamo, msafi, kofia mkononi, akasema gari linapoteza umeme usiku. Nurudini alipima kila kitu. Betri nzima, alternata nzima, na redio halikuwa nayo kabisa.

"Gari lako halina kasoro, bwana."

"Najua," yule mtu akasema kwa upole. "Nilitaka tu nikuone. Naambiwa una masikio makali." Akavaa kofia yake, akachungulia uani ambako Nasma alikuwa anaanua nguo kuikimbia mvua. "Msalimie mkeo."

Akaondoka taratibu, akielekea barabara ya Kibondo.

Nurudini aliingia ndani akiwa bado ameshika bisibisi. Alimweleza Nasma maneno yale kama yalivyosemwa, bila kupunguza. Nasma hakuuliza mtu huyo ni nani. Aliweka chini kapu la nguo, akapanda juu ya stuli, akaanza kutoa mapazia madirishani na kuyakunja.

"Gari la Kigoma linaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi."

"Basi nisaidie huku."